Wakunga wa jadi wa Mahagi

Mkunga wa jadi, ambaye wengi humwita mama mzalisha, ni mwanamke anayezalisha wenzake kijijini kwa ujuzi aliourithi kwa mama au bibi yake, bila cheti. Katika wilaya ya Mahagi, jimbo la Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye milima inayoshuka hadi Ziwa Albert, wapo wanawake wanaomwendea hata palipo na kituo cha afya. Uamuzi huo mara nyingi huitwa ujinga. Ushahidi wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda unaonyesha kwamba ni hesabu iliyopigwa kwa makini.

Sababu za uamuzi

Inayotajwa kwanza ni fedha. Tangu Mpango wa Bamako wa 1987, vituo vingi vya afya barani Afrika, Kongo ikiwemo, vimeendeshwa kwa ada za wagonjwa, na mzazi aliyeshindwa kulipa amewahi kuzuiliwa wodini na kichanga chake hadi jamaa wachange. Juu ya ada kuna beseni, sabuni, wembe mpya, glavu, vitenge na nguo za mtoto. Mkunga wa jadi hukubali kuku au maharage, na husubiri mavuno. Hata hivyo, fedha haimalizi maelezo. Uganda, ambako wilaya za Nebbi na Zombo hukaliwa na Waalur kama ilivyo Mahagi, ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001. Miaka kumi baadaye, utafiti wa kitaifa ulikuta wazazi 58 tu katika 100 wakihudumiwa na mtaalamu. Kongo, pamoja na ada zake, ilifikia 80 katika utafiti wa 2013–14. Wastani wa taifa huficha vijiji, lakini takwimu hizi zinatosha kuonyesha kwamba bei ikiondoka, kizuizi kingine hubaki.

Kizuizi hicho ni njia, kisha upweke. Kutoka vijiji vya chini ziwani mama hupandishwa mlima kwa pikipiki au kwa kipoyi, ile machela ya miti inayobebwa mabegani, na tangu mapigano yalipozuka upya katika wilaya jirani ya Djugu mwishoni mwa 2017, safari ya usiku imezidi kuogopwa. Nyuma anaacha watoto wadogo. Akifika, huenda akaambiwa alale chali, mama mkwe abaki nje, na akilia akaripiwe. Mkunga wa jadi huja mwenyewe, husema naye Kialur, humkanda kiuno, humwacha apige magoti akiwa ameshika nguzo ya nyumba. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na mtu amtakaye kando yake na ajifungue kwa mkao anaoutaka. Kumbe sehemu ya yale yaliyodharauliwa kwa miongo mingi ilikuwa matunzo bora.

Pingamizi

Pingamizi kubwa halikwepeki. Damu isipokoma baada ya mtoto kutoka, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili, na mkunga wa jadi hana oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, hana damu ya kumwongezea, hana chumba cha upasuaji. Hilo ni kweli tupu, na kwa sababu yake kila mzazi anastahili mtaalamu karibu. Lakini kufika kituoni si kuokoka. Utafiti uleule wa Kongo wa 2013–14 ulikadiria vifo 846 vya wazazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, ilhali wanawake wanane katika kumi walijifungulia mikononi mwa wataalamu. Oksitosini yenyewe hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Pasipo umeme wa uhakika, sindano hupoteza nguvu. Mwanamke aliyeona jirani akirudishwa maiti kutoka wodi ya uzazi naye ana ushahidi wake. Marufuku nayo imekwisha kujaribiwa: Uganda iliwakataza wakunga wa jadi mwaka 2010, na wazazi wakaendelea kuwaendea; Malawi ilikataza 2007, ikalegeza 2010. Jambo lenye mantiki zaidi ni kumpa mkunga huyo kazi ya kumsindikiza mama hadi kituoni na kumruhusu aingie naye.

Hali ya sasa

Serikali ya Kongo ilianzisha uzazi wa bure mjini Kinshasa mwaka 2023, ukakusudiwa kuenea majimboni. Mahagi nayo imekuwa ikipokea wakimbizi wa ndani kutoka Djugu.