Farasi wa Deep Blue alitoka kitabuni

Tarehe 11 Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov aliketi kucheza mchezo wa sita na wa mwisho dhidi ya Deep Blue, kompyuta ya IBM. Walikuwa sare. Mapema tu kompyuta ikamtoa farasi wake kafara, na baada ya hatua 19 bingwa wa dunia akasalimu amri. Lakini kafara ile haikukokotolewa pale ubaoni. Ilikuwa imekwisha kuwekwa katika kitabu cha ufunguzi, hazina ya hatua za mwanzo iliyoandaliwa na mabingwa wa sataranji, akiwemo Joel Benjamin wa Marekani.

Je, injini ya sataranji, yaani programu inayocheza, iruhusiwe kubeba kitabu kama hicho? Na majedwali ya mwisho wa mchezo je? Wabishani huvichukulia viwili hivi kama pacha, ilhali havikuzaliwa tumbo moja.

Majedwali yalishika kasi kwa kazi ya Ken Thompson wa Bell Labs. Programu yake ilianzia pale mfalme alipokwisha kunaswa, ikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kila mpangilio wa kete chache ukapata jibu lake. Mwaka 1977 alikuwa na jedwali la malkia dhidi ya ngome, pambano ambalo walimu waliliona jepesi kwa mwenye malkia. Bingwa wa Marekani, Walter Browne, akaweka dau la dola 100 kwamba ataishinda mashine hiyo. Alipewa mpangilio ambao hatua 31 zingetosha, na kanuni ikimruhusu 50. Akashindwa. Akaenda kujifunza namna mashine inavyojitetea, akarudi, akafaulu katika hatua ya 50 yenyewe. Katika historia nzima ya mchezo huu sijui kisa kinachonigusa kuliko hiki, bwana mkubwa kukubali kuwa mwanafunzi.

Baadaye Thompson aligeukia maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja. Tangu mwaka 1851, kwa uchambuzi wa Kling na Horwitz, iliaminika kwamba farasi anaweza kujihifadhi na kupata sare. Jedwali likaonyesha kwamba kwa kawaida maaskofu hushinda, japo huweza kuhitaji hatua 66. Kufikia mwaka 2012, majedwali ya Lomonosov ya Moscow yalihusisha kete saba, kwa takriban terabaiti 140.

Ndiyo, injini inayosoma jedwali haifikiri. Lakini inachosoma kimethibitishwa, na hakibadiliki kwa mpinzani yeyote. Kitabu ni maoni ya binadamu, na kinaweza kuongezwa mstari usiku wa kuamkia pambano.

Ugomvi uliwaka tena Desemba 2017, DeepMind ilipotangaza kuwa programu yake AlphaZero imeishinda injini ya Stockfish michezo 28 na kutoka sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Wakosoaji walilalamika kwamba Stockfish ilinyimwa kitabu chake. Kwangu hilo halikuwa na uzito, kwa kuwa AlphaZero nayo haikuwa nacho. Ripoti ya mwaka 2018 ikaeleza kwamba hata Stockfish ilipopewa kitabu, ilishindwa vilevile.

Mashindano ya injini ya TCEC yamepata njia ninayoiunga mkono kwa moyo wote: waandaaji huchagua ufunguzi, injini zote mbili huanzia hapo, kisha hubadilishana rangi na kuucheza tena.