Mwana wa Mwashi: Maisha ya Sir John Soane, Msanifu wa Majengo na Frimasoni

Mandewa, katika mji wa Singida, ni mahali pa mawe. Matale makubwa yamejitokeza juu ya ardhi mfano wa kundi la ng'ombe waliojilaza, na jua halijapanda vema husikika nyundo za akina mama wanaoponda kokoto za kuwauzia wajenzi. Kwa hiyo hapa neno "mwashi" halimshtui mtu, kwani kila mmoja anamjua kuwa ni fundi wa kujenga kwa mawe na matofali, mwenye mwiko mkononi na timazi mfukoni, ambaye ukuta wake ukipinda lawama humfuata mpaka sokoni. Lakini ligeuze neno hilo, useme Frimasoni, ambalo asili yake si jingine ila mwashi huru, na papo hapo utaona watu barazani wakishusha sauti, mmoja wao akaanza kuhesabu majumba ya matajiri wa mjini na kafara ambayo, kwa dhana yake, kila mwenye nyumba aliitoa.

Sikusudii kushindana na baraza, maana baraza haishindwi. Jirani zetu wa Nzega wanaijua Bukene, alikokulia marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa kusaga nafaka ambaye viwanda vya jamaa yake vilitaifishwa mwaka 1967, na ambaye aliwaongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki mpaka mwaka 2005 bila ya kulificha jambo hilo. Alisema, akaandika, na bado uvumi ukabaki palepale ulipokuwa. Basi mimi nimeona nirudi nyuma zaidi, kwa mtu ambaye uashi kwake haukuwa alama iliyotarizwa juu ya aproni tu bali ulikuwa ni kazi ya baba yake mzazi, nipate kuuliza lililo jepesi: je, ni chama kilichompa mali, au ni mali na heshima zilizomfikisha chamani?

John Soane alizaliwa tarehe 10 Septemba 1753 huko Goring, kando ya mto Thames, mwana wa mwashi wa matofali, na jina la ukoo wao lilikuwa Soan, bila ya ile herufi ya mwisho ambayo yeye mwenyewe aliiongeza alipokwisha kuona dalili za kupanda daraja. Baba alifariki mwana angali kijana, na ndugu yake mkubwa, naye mwashi, akampokea. Kisha, akiwa na umri wa miaka 15, akaingia katika ofisi ya msanifu George Dance wa London, ambako alianza kwa kutumwa huku na huko kabla ya kuaminiwa kalamu. Mwaka 1771 alikubaliwa katika shule ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa, na mwaka 1776 akashinda nishani ya dhahabu kwa mchoro wa daraja la ushindi. Mwaka huo huo rafiki yake James King alizama mtoni Thames katika matembezi ya mashua, matembezi ambayo Soane, asiyejua kuogelea, hakwenda kwa kuwa alikuwa ameinamia michoro yake. Wala sioni ajabu kwamba mtu aliyeponea chupuchupu namna hiyo aliishi maisha yake yote akichora makaburi kwa mapenzi ambayo wengine huyaweka katika kuchora kasri.

Nishani ilimpatia ruzuku ya mfalme ya kwenda Italia, akaondoka mwaka 1778, na huko alikutana na Askofu wa Derry, bwana mwenye mali nyingi na ulimi wenye asali, ambaye alimwahidi kazi kubwa za ujenzi katika nchi ya Ireland, hata kijana akaikatiza safari yake kabla ya wakati ili kumfuata. Alipofika, ahadi zilikuwa zimekwisha kuyeyuka kama umande wa Juni, naye akarejea London mwaka 1780 hana kazi wala akiba. Kwa miaka kadhaa alikula kwa kukarabati nyumba za watu na kujenga mazizi.

Kilichombadilishia hali si loji wala kiapo. Mwaka 1784 alimwoa Elizabeth Smith, aliyelelewa na George Wyatt, mjenzi tajiri wa mjini, na Wyatt alipofariki mwaka 1790 mirathi yake ikaiendea nyumba ya Soane. Na kati ya mambo hayo mawili, mwaka 1788, alichaguliwa kuwa msanifu wa Benki ya Uingereza, kazi aliyoishika kwa muda wa miaka 45. Hapo ndipo tuitazame sanaa yake. Sisi tuliokulia katika tembe za Kinyaturu, zenye paa bapa la udongo na kuta zisizo na madirisha ya maana, tunaijua nyumba inayopata nuru yake mlangoni tu. Soane alikabiliwa na shida ya jinsi hiyo kwa sababu nyingine, maana Benki, iliyokwisha kushambuliwa na wafanya ghasia mwaka 1780, ilitaka kuzungukwa na ukuta usio na hata tundu moja. Naye, badala ya kuwaacha makarani gizani, aliipasua dari, akaijengea kumbi zake makuba membamba yenye vioo juu, nuru ikashuka taratibu kutoka mahali ambapo macho hayapaoni kwa urahisi, hata mtu aliyeingia kubadilisha hundi akahisi kama yumo ibadani. Hakuna aliyeichezea nuru namna ile kabla yake katika mji ule, na kwangu mimi hilo peke yake linamtosha kuwa mtu wa kukumbukwa.

Alipofikia umri wa miaka 60, basi, tayari alikuwa na Benki, na nyumba zake katika uwanja wa Lincoln's Inn Fields, na uprofesa wa usanifu aliopewa na Chuo cha Kifalme mwaka 1806. Ndipo, mwishoni mwa mwaka 1813, alipoingia katika Frimasoni. Siku zile chama hicho kilikuwa kimegawanyika kwa zaidi ya nusu karne katika Loji Kuu mbili zilizodharauliana, na kwa kudura ya mambo kila upande uliongozwa na mwana mmoja wa Mfalme George wa Tatu, huku Duke wa Sussex na kule Duke wa Kent, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Wakapatana, na tarehe 27 Desemba 1813 pande zote mbili zikaungana kuwa moja. Soane, mgeni wa siku chache tu, alifanywa Msimamizi Mkuu wa Ujenzi wa Loji Kuu hiyo mpya, kwa sababu iliyo dhahiri kuliko zote: walihitaji mjenzi, naye ndiye aliyekuwa mashuhuri. Akawachorea sanduku la pembe tatu, lenye nguzo pembeni, la kuhifadhia hati za mapatano, na baadaye, kati ya 1828 na 1831, akawajengea ukumbi mpya London. Sanduku liliteketea kwa moto mwaka 1883, na ukumbi ulikuwa umekwisha kubomolewa hata kabla ya hapo.

Hivyo ndugu wa chama walipata jengo. Amma yeye, alipata picha iliyomchora katika mavazi ya chama, na daraja la kukaa karibu na mwana wa mfalme, jambo ambalo mtoto wa mwashi wa Goring, sidhani kama alilidharau.

Ila nyumbani kwake hakuwa na daraja lolote. Alitamani mno wanawe wawili, John na George, wairithi kazi yake, na wote wawili wakamkatalia. Na mwezi wa Septemba 1815 gazeti moja la London likachapisha makala mbili zisizokuwa na jina la mwandishi, zilizoyakejeli majengo ya Soane na nyumba yake mwenyewe, na ikabainika kuwa mwandishi ni mwanawe George. Bibi Elizabeth alizisoma. Tarehe 22 Novemba mwaka ule ule akafariki, na mumewe, ambaye hakumsamehe George hata siku moja, akaziweka makala zile katika fremu, akaandika juu yake kuwa ndizo mapigo ya mauti yaliyotolewa na George Soane, akazitundika ukutani.

Tangu hapo alikusanya vitu kama mtu anayeziba ufa: sanamu, vipande vya nguzo, vitabu, vioo vidogo vidogo vya kuzidisha nuru, na mwaka 1824, kwa pauni 2,000, jeneza la mawe la Farao Seti wa Kwanza, ambalo Jumba la Makumbusho la Uingereza lilikuwa limelikataa kwa bei hiyo. Mwaka uliofuata aliwaalika watu kwa karamu ya usiku tatu wapate kulitazama kwa taa. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria kwamba nyumba hiyo na vilivyomo vibaki kama alivyoviacha, nayo ikamfungia George mlango wa mirathi. Soane, aliyekwisha kupewa cheo cha Sir mwaka 1831, alifariki tarehe 20 Januari 1837.

Kumbi zake za Benki zilibomolewa baina ya 1925 na 1939 ili kumpisha Herbert Baker, yule yule aliyechora Ikulu ya Nairobi. Ukuta wa nje usio na madirisha ndio uliosalimika. Lakini nyumba ingalipo, na ndani yake Soane alikuwa ameacha mafichoni pahala patatu palipotiwa lakiri, kwa amri kwamba kila pahala pafunguliwe kwa wakati wake, siku ya kumbukumbu ya kifo cha mkewe. Walinzi wa nyumba wakangoja. Wakafungua mwaka 1866, wakafungua mwaka 1886, wakafungua mwaka 1896, na siri ya Frimasoni yule mkuu, walipoitia mkononi mara ya tatu, ilikuwa bado ni hizo hizo karatasi za kale, barua, na vitu vidogo vya mezani visivyo na thamani.