Mkuu wa Zimamoto Asimame Wapi?

Zamani, kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza kupita Barabara ya Morogoro, kondakta wa daladala akishavuka Jangwani kuelekea mjini alikuwa anagonga bodi na kuita, "Faya! Faya wa kushuka!" Hakuna abiria aliyeshtuka. Faya kilikuwa kituo tu, kama Magomeni Mapipa. Leo jina hilo limeandikwa kwenye kituo cha mwendokasi, na watu hushuka na kupanda bila kuyatazama magari mekundu yaliyoegeshwa jirani. Mimi hutazama. Kwanza nahesabu magari, halafu natafuta zamu ya siku hiyo ni ya nani.

Niliingia kazi ya zimamoto tukiwa bado waajiriwa wa halmashauri, nikastaafu nikiwa askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Miaka ya mwisho nilipewa kazi ya kufundisha vijana. Siku moja kijana mmoja alisimama darasani akauliza, "Afande, jengo likiwaka, mkuu anasimama wapi?" Jibu la mtihani nilikuwa nalo: anasimama mahali anapoona angalau pande mbili za jengo, anapofikika haraka, na mbali na ukuta kwa umbali wa urefu wa ukuta huo mara moja na nusu. Wakaandika kwenye madaftari. Lakini nikaona jibu lile halitoshi. Swali la kijana yule liliwagharimu watu uhai kabla halijawa mstari mmoja wa daftari.

Nikaanza na kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja tuliitwa kwenye ghala la magodoro. Nilikuwa kiongozi wa kikundi, watu watano nyuma yangu, na mkuu wetu alikuwa njiani na gari la pili. Magodoro ya sponji yakiwaka hutoa moshi mweusi mzito unaoshuka hadi magotini. Nilishika mdomo wa mpira wa maji nikaingia wa kwanza, kwa sababu niliamini kiongozi ni yule anayetangulia. Dakika chache baadaye maji yakakatika. Tangi la gari lilikuwa limekwisha, dereva anayeendesha pampu hakujua nani wa kumuuliza, na wenzangu wawili walikuwa wamezungukia mlango wa nyuma bila mimi kujua. Mkuu alipofika alitukuta hivyo. Alituita majina mmoja mmoja, akahesabu, akatutoa. Alfajiri, tukikunja mipira, alinisogelea akasema taratibu, "Bwana mdogo, ukiingia wewe, nani atanihesabia watu?" Hakunigombeza zaidi ya hapo. Kitabu cha matukio tulikijaza pamoja.

Edinburgh ya mwaka 1824 ililijua tatizo hilo kabla yetu. Jiji lile la Uskoti liliunda kikosi cha zimamoto cha mji, cha kwanza cha aina hiyo Uingereza, na likamkabidhi kijana wa miaka 24, James Braidwood. Baba yake alikuwa fundi samani, naye mwenyewe alikuwa amejifunza upimaji wa majengo. Wiki chache tu baada ya kuteuliwa, tarehe 15 Novemba, moto ulianza katika karakana ya mchongaji wa picha za kuchapa, kwenye vichochoro vya High Street. Majengo ya pale yalipanda ghorofa nyingi na yalisongamana kama meno. Moto ukala kwa siku kadhaa, ukauangusha mnara wa kanisa la Tron, ukaacha mamia ya familia bila makazi. Na pale mtaani, kila mheshimiwa aliyefika alitoa amri yake. Wakubwa wa mji, mahakimu, wote walielekeza mashine za maji huku na huku, na mkuu wa kikosi, kijana asiye na jina bado, akawa sauti moja kati ya sauti nyingi.

Hapo ndipo ninapoona mwanzo hasa wa kazi yetu. Mashine za kusukuma maji zilikuwepo kabla ya hapo, na wanaume wa kuzisukuma kwa mikono hawakukosekana. Kilichokuwa hakijapatikana ni kukubaliana kwamba penye moto amri ni ya mtu mmoja, na mtu huyo hata hakimu hamwingilii. Edinburgh ilijifunza hilo juu ya majivu, na Braidwood akapewa nafasi ya kuamuru.

Aliitumia vizuri. Alichagua vijana wa miaka 17 hadi 25, waashi, maseremala, mafundi bomba, waezekaji wa paa, watu wanaolijua jengo kwa mikono yao. Aliwafanyisha mazoezi saa kumi alfajiri, mitaa ikiwa mitupu na giza lipo, kwa sababu moto hauchagui mchana. Amri zake alizipitisha kwa filimbi, maana sauti ya mtu humezwa na kishindo cha moto. Na alivunja desturi ya kusimama barabarani na kurusha maji dirishani kwa kubahatisha. Watu wake waliingia ndani, wakatafuta moto ulipo, wakaupiga kwenye mzizi, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia peke yake. Mwaka 1830 aliyaandika yote kwenye kitabu. Nilipowasomea vijana kanuni ile ya wawili wawili, walitazamana. Walidhani imeletwa na mitungi ya hewa.

London ilimchukua mwaka 1833. Kampuni kumi za bima zilikuwa zimeunganisha vikosi vyao, watu 80 tu kwa jiji kubwa kuliko yote Ulaya. Kikosi kilikuwa cha kampuni, si cha umma. Hata hivyo Oktoba 16, 1834, Bunge lilipowaka, watu wa Braidwood walikwenda ingawa hakuna bima iliyowadai, na ukumbi wa Westminster Hall ukanusurika. Serikali ilishukuru, ikaendelea kuiachia bima kazi ya kulilinda jiji kwa miaka mingine zaidi ya 25. Jambo hili hunikera hadi leo. Mji mzima ulilala usingizi ukitegemea hesabu za wafanyabiashara.

Jumamosi, Juni 22, 1861, jioni, moto ulianza kwenye maghala ya Cotton's Wharf, Mtaa wa Tooley, kando ya mto Thames. Ndani mlikuwa na pamba, juti, sukari, viungo na shahamu ya wanyama. Maghala yalikuwa na milango ya chuma ya kuzuia moto usivuke, na Braidwood alikuwa amehimiza ujenzi wa namna hiyo kwa miaka. Siku ile milango iliachwa wazi. Maji ya mto yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo mashine za kwenye maboti zilipata shida kusogea. Shahamu iliyoyeyuka ikamwagika mtoni ikiwaka, na mto wenyewe ukashika moto juu ya maji.

Braidwood alikuwa na umri wa miaka 60 au 61. Alizunguka. Hili ndilo ninalotaka vijana walielewe: hakubaki mahali pamoja. Alipita kwa watu wake waliokuwa wamechoka na kuungua mikono, akiwagawia brandi kidogo, akiangalia nani anahitaji kupumzishwa. Yapata saa moja na nusu jioni ukuta mmoja ulivimba na kuanguka, ukamfunika. Ilichukua siku mbili kuufikia mwili wake, na moto uliendelea kufuka kwa wiki mbili. Hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 2.

Msafara wa mazishi yake, tarehe 29 Juni, ulikuwa na urefu wa maili moja na nusu. Kabla ya kuzikwa, vifungo na mapambo ya mabega ya sare yake viliondolewa vikagawiwa kwa watu wa kikosi chake. Nimesimama kwenye gwaride nyingi za mazishi ya wenzetu. Tunakunja bendera, tunaikabidhi familia, na ndivyo inavyostahili. Lakini kifungo kimoja kwa kila mtu aliyeshika mpira pamoja naye, hilo sijawahi kuliona, na ningependa kuliona.

Kampuni za bima zilitazama hesabu zikaogopa. Zilipandisha ada, kisha zikaiambia serikali kwamba haziwezi tena kuubeba ulinzi wa jiji. Kamati ya Bunge ikakaa mwaka 1862, sheria ikapitishwa mwaka 1865, na Januari 1, 1866 London ikapata kikosi cha umma. Gharama ziligawanywa: kampuni za bima zililipa pauni 35 kwa kila milioni moja ya mali waliyoikatia bima, serikali ikatoa pauni 10,000 kwa mwaka, na wakazi wakachangia nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya majengo yao. Ukuta ulioanguka jioni moja ulifanya kile ambacho Bunge lenyewe kuungua halikufanya.

Aliyeshika nafasi ya Braidwood alikuwa Eyre Massey Shaw, Mwairelandi aliyekuwa mkuu wa polisi wa Belfast. Alikaa miaka 30. Wengi wanamkumbuka kwa kofia za shaba iliyong'arishwa, alizoziiga kutoka kwa wazimamoto wa Paris. Mimi namkumbuka kwa waya. Shaw aliunganisha vituo kwa telegrafu, na kwa mara ya kwanza mkuu aliweza kujua, akiwa makao makuu, nini kinawaka upande wa pili wa jiji, magari mangapi yametoka, kituo gani kimebaki kitupu. Swali la mkuu asimame wapi likapata pembe mpya. Sasa aliweza kusimama mbali na bado akaamuru. Faida yake ni kubwa, maana jiji lina zaidi ya moto mmoja. Hatari yake nimeionja: kiongozi mmoja aliwahi kutuamuru kwa redio tuingie jengo ambalo hakuwa ameliona, na aliyetuzuia mlangoni alikuwa mzee wa zamu aliyekuwa anatazama paa likipinda. Shaw aliacha kazi mwaka 1891 baada ya kuvutana na baraza jipya la London kuhusu nani hasa anakiendesha kikosi. Edinburgh ya 1824 imerudi, safari hii ndani ya ofisi.

Mfumo huo wa kikosi cha mji, chini ya baraza la mji, ndio uliokuja kwetu na utawala wa Waingereza. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, ikawa jiji mwaka 1961, na zimamoto tuliyoijua sisi ilikuwa mali ya halmashauri. Mkuu wetu alikuwa mtumishi kama bwana afya na mkaguzi wa majengo. Tulimwita mzee. Habari za uongozi zilifika kwa barua iliyobandikwa, na habari za kazi ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa zamu: gari lipi zima, lipi limelala gereji, haidranti ipi kavu, ipi imefunikwa na kibanda cha chips. Ubao ule ulikuwa gazeti letu. Aliyeingia zamu bila kuusoma alirudishwa mlangoni akausome.

Halafu ikaja Sheria Namba 14 ya mwaka 2007. Vikosi vya halmashauri vikawa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, likiongozwa na Kamishna Jenerali. Zanzibar wana kikosi chao, nao wanasema uokozi pale sisi tunaposema uokoaji. Tulivaa vyeo mabegani, tukajifunza kupiga saluti sawasawa, na mzee akawa afande. Baadhi yetu watu wazima tuliona ni mapambo tu. Nilibadili mawazo siku ya kwanza niliyoona maofisa wa idara nyingine wamefika kwenye moto, wakamtazama mtu mwenye cheo cha mrakibu wetu, na kumuuliza, "Tusimame wapi?" Zamani wangeanza kuamuru.

Mwaka jana, nikiwa nasubiri basi, niliona moshi juu ya paa la duka la ghorofa moja, na gari letu likaja na king'ora. Aliyeshuka mbele alikuwa mmoja wa vijana wangu wa darasani. Hakukimbia. Alimwambia dereva kitu, akapiga hatua kulia hadi akaona ubavu wa jengo, akainua macho kwenye ukuta wa juu, akayaacha hapo kwa muda. Askari wake mmoja alikuwa amesogea chini ya ukuta na mpira. Akamfuata, akamshika mkanda kwa nyuma, akamvuta hatua sita, saba. Kisha akarudi pale aliposimama mwanzo, akaanza kuhesabu watu wake kwa kidole.

Basi langu lilipita. Nikaliacha, nikangoja linalofuata.