Chujio la Eksirei: Historia na Swali la Istilahi

Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua mionzi mipya huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, aliipa herufi X, alama ya kitu kisichojulikana. Jina hilo limetufikia kwa umbo la eksirei. Makala haya hayalijadili jina hilo, bali maneno mawili yaliyolifuata, yaani "laini" na "gumu", ambayo yakifasiriwa bila uangalifu humpotosha msomaji katika jambo linalohusu ngozi ya mgonjwa.

Mirija ya mwanzo ilikuwa na masalio ya gesi. Mrija wenye gesi nyingi ulitoa mionzi ya kupenya kidogo, ukaitwa laini. Ule uliotolewa gesi zaidi ulitoa mionzi ya kupenya sana, ukaitwa mgumu. Baadaye sifa hizo zikahamia kwenye mionzi yenyewe.

Wakati huohuo watumiaji wa mirija hiyo walianza kuungua. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alifariki mwaka 1904 baada ya kukatwa mikono. William Rollins, daktari wa meno wa Boston, Marekani, aliyeunguzwa mkono mwaka 1898, alishauri kwamba mionzi isiyosaidia picha isimfikie mgonjwa, na kwamba ichujwe.

Sababu yake ni hii. Mrija hutoa mionzi ya nguvu mbalimbali kwa pamoja. Ile dhaifu huishia katika ngozi na nyama za juu. Haiufikii ubao wa picha, wala haimwonyeshi daktari chochote. Bamba jembamba la alumini likiwekwa mbele ya mrija huinasa mionzi hiyo dhaifu kuliko ile yenye nguvu. Mwaka 1952 Trout na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi chujio linavyopunguza mionzi impatayo mgonjwa. Kanuni iliyoenea baadaye yadai mitambo inayozidi kilovolti 70 iwe na uchujaji wenye thamani ya alumini ya milimita 2.5, ukijumlishwa ule wa kioo na mafuta ya mtambo wenyewe. Hata hivyo bamba likizidi unene, tofauti za weusi na weupe katika picha hufifia, na mrija hulazimika kufanya kazi zaidi.

Sasa turudi kwenye istilahi. Neno "chujio" lafaa, kwa kuwa kila mtu hulijua. Lakini mwalimu hana budi kueleza kwamba chujio la chai huzuia makapi makubwa na kupitisha kilicho chembamba, ilhali la eksirei huzuia kilicho dhaifu na kupitisha chenye nguvu. Kuliita "kinga" tu hakutoshi, maana kinga huzuia vyote.

Ama "mionzi laini", hapo ndipo penye hatari. Kwetu sisi kilicho laini hakiumizi. Mhudumu akisoma kwamba chujio limeondolewa na mionzi imekuwa laini zaidi, aweza kudhani mgonjwa amepata nafuu, kumbe ngozi yake ndiyo inayobeba mzigo bure. Afadhali tuseme "mionzi ya mpenyo hafifu" na "mionzi ya mpenyo mkubwa". Istilahi hizo ni ndefu, lakini hutaja tendo la mionzi ndani ya mwili, na hazimwahidi mgonjwa usalama usiokuwapo.