Namba za Matoleo katika Maelezo ya Programu Huria

Kabla ya mwaka 2017, waundaji wa PostgreSQL, programu huria ya kuhifadhia data, walilitambulisha toleo kuu kwa namba mbili zilizotengwa kwa nukta. Hivyo 9.5 na 9.6 yalikuwa matoleo makuu mawili, na moja halikuweza kusoma faili za data za lingine mpaka zihamishwe kwanza. Lilipotoka toleo la 10 mwaka huo, namba ya kwanza pekee ikawa ndiyo toleo kuu, 10.1 yalikuwa masahihisho tu. Mfasiri aandikaye “toleo la 9” kwa kuiga desturi mpya humwacha msomaji njia panda, kwani matoleo hayo yalikuwa saba, tangu 9.0 la mwaka 2010. Kosa hili, kwa maoni yangu, lapita la sarufi, maana msomaji halitambui. Wala nukta hiyo si ya desimali: 9.6.10 lilifuata 9.6.9.