Elimu jumuishi Shinyanga na Geita

Elimu jumuishi Shinyanga na Geita ni utaratibu wa kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao wasio na ulemavu katika mikoa hiyo miwili ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Shule inayojulikana zaidi ni Buhangija, shule ya msingi iliyoko Manispaa ya Shinyanga, ambako watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino wanaoishi bwenini husoma na watoto wa mtaani hapo wanaorudi kwao jioni. Historia yake imefungamana na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoanza kuripotiwa kwa wingi miaka ya 2006 na 2007. Watoto wengi wa bweni walifikishwa Buhangija na hofu, kabla sera haijawafikia walikozaliwa.

Chimbuko

Elimu ya watoto wenye ulemavu Tanzania Bara ilianzia kwenye shule maalumu za makanisa: Buigiri, Dodoma, kwa wasioona mwaka 1950, na Tabora kwa viziwi mwaka 1963. Shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ilianza kuwachanganya wanafunzi mwaka 1966, miaka 28 kabla ya Azimio la Salamanca la 1994 lililozitaka nchi zote zifanye hivyo. Buhangija nayo ilipokea kwanza watoto wasioona, kisha viziwi.

Dhahabu na mauaji

Migodi mikubwa ya ukanda huu, Geita na Bulyanhulu, ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001, lakini maelfu ya watu huchimba wenyewe katika machimbo madogo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Mchimbaji anaweza kushuka duarani, yaani shimoni anamochimba, miezi mingi asiambulie kitu, huku wa duara la jirani akitajirika kwa wiki moja. Waganga walipata soko la dawa za bahati hapo, na baadhi yao wakaeneza uongo kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu. Wavuvi wa Ziwa Victoria waliambiwa hivyohivyo kuhusu samaki. Uhusiano huo wa machimbo, waganga na mauaji ulichambuliwa na Deborah Fahy Bryceson na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni akizungumzia mauaji hayo. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Hukumu hiyo haikukomesha ukatili: Februari 2015 mtoto wa umri wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, akauawa.

Katika miaka hiyo serikali iliwakusanya watoto wenye ualbino Buhangija ili walindwe. Kufikia 2015 walikuwa takriban 300, wengine wadogo mno kuanza shule, katika mabweni yasiyojengwa kwa idadi hiyo. Walilala kwa kubanana, zaidi ya mmoja kitanda kimoja.

Darasani

Ualbino huathiri ngozi na macho. Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu, macho yake huchezacheza, na mwanga mkali humuumiza. Kumweka dawati la mbele hakutoshi ikiwa dawati hilo liko dirishani. Anahitaji kukaa karibu na ubao lakini mbali na jua, aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao bila kukemewa, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika. Mengi ya haya hayagharimu hata shilingi, na kukosekana kwake hakuna udhuru. Nje huvaa kofia pana na mikono mirefu, na hupaka mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Mtoto asiyeona huandika kwa mashine ya nukta nundu, ambayo vitufe vyake sita hubonyezwa kwa pamoja, kulingana na herufi, ili kuinua nukta kwenye karatasi nene. Mtoto kiziwi anahitaji mwalimu anayejua lugha ya alama, na hapo ndipo shule nyingi za vijijini hukwama, kwa sababu walimu wa elimu maalumu, wakiwemo wanaofundishwa Chuo cha Patandi mkoani Arusha, ni wachache kuliko mahitaji. Katika mtihani wa darasa la saba, Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huongeza dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine.

Ulinzi na kutengwa

Buhangija iliokoa maisha, na asiyekiri hilo hawatendei haki walezi na walimu wake. Hata hivyo watoto wengine walikaa miaka bila kutembelewa, wakakua bila kuwajua ndugu zao. Ikponwosa Ero, aliyekuwa mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu ualbino, alipozuru Tanzania mwaka 2017 alihimiza watoto wa vituo vya aina hii warudishwe kwenye familia zao kwa usalama. Bweni lenyewe pia lina hatari zake: Novemba 2022 moto uliunguza bweni la wasichana Buhangija na wanafunzi watatu wakafariki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kila mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kwa kipimo hicho, mtoto wa Nyang'hwale anayesafirishwa hadi Shinyanga kwa sababu tu ya ngozi yake bado hajapewa elimu jumuishi, hata akikaa dawati moja na watoto wa Buhangija. Mzazi anayeambiwa kuwa shule ya kijiji haiwezi kumpokea mwanawe asikubali kurudi naye nyumbani: afikishe suala hilo kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yake.