Ukali wa Demosthenes

Twajua sote ya kuwa msemaji mkali hakosi wasikilizaji. Lakini ukali ni namna mbili: uko wa kumtukana asiyekuwapo, na uko wa kumwambia ndugu yako kosa lake usoni. Leo twawaletea habari za mtu aliyechagua huo wa pili.

Hapo kale, katika nchi ya Uyunani, mambo ya mji wa Athens yaliamuliwa na raia wenyewe barazani. Kila raia mwanamume alikuwa na ruhusa ya kusema, kisha walipiga kura. Siku zile Philip, mfalme wa Makedonia, alikuwa akiitwaa miji mmoja baada ya mmoja, nao watu wa Athens wakiulizana habari tu: Je, amekufa? Ama ni mgonjwa?

Mwaka 351 kabla ya Kristo, Demosthenes alisimama mbele yao. Aliwaambia ya kuwa uvivu wao ndio uliomkuza adui, na hata akifa Philip huyu, kwa mwenendo ule ule watajifanyia Philip mwingine upesi. Akawafananisha na mtu asiyejua kupigana ngumi: apigwapo hapa, mkono huenda hapa, apigwapo kule, huenda kule, lakini kujikinga mapema hajui.

Wala hakuwaachia uchungu mtupu. Alitaka askari wa miguu 2,000, na katika hao 500 wawe raia wenyewe. Wapanda farasi 200. Na merikebu 10 za mbio. Gharama yake pia aliihesabu.

Wahenga walisema, Msema kweli mpenzi wa Mungu. Walakini wanadamu humpenda wakiisha kuchelewa. Mwaka 348 Philip aliubomoa mji wa Olynthos, na msaada wa Athens haukuwahi. Mwaka 338 akawashinda watu wa Athens na wa Thebes huko Chaeronea. Ndipo watu wa Athens walipotafuta mtu wa kuwasifu wafu wao mazishini, wakamchagua Demosthenes yule yule aliyewakemea.

Basi tumsikiapo mtu akinguruma barazani, na tumwulize mambo mawili. Je, ukali wako watugusa sisi tuliopo, ama wale wasiokuwapo tu? Na baada ya maneno haya, ni kazi gani, ya watu wangapi, kwa fedha kiasi gani?